Taa ya Mlango Si ya Dereva

Natumaini chai imekubali wiki hii, na ile mvua ya saa tisa haikukukuta kituoni ukiwa bado kwenye foleni ya mizani.

Leo tuongee habari ya taa. Sizungumzii taa kubwa za mbele. Hizo kila mtu anazijali, kwa sababu dereva anazihitaji na polisi anaziangalia. Nazungumzia zile ndogo: ile ya juu ndani ya gari, na ile ya chini ya mlango inayowaka mlango ukifunguliwa. Wewe mwenye gari, jiulize: mara ya mwisho ulizitazama lini?

Nina sababu ya kuuliza. Taa ya mlango haimsaidii dereva. Dereva ameketi, mkono uko kwenye usukani, barabara anaiona. Taa ile ni ya anayeshuka, na ni ya anayekuja nyuma. Ni taa ya watu wengine. Ndiyo maana kwenye magari yetu mengi huwa ya kwanza kufa na ya mwisho kutengenezwa.

Fikiri na mimi. Kesha limekwisha, umewapakia watu, unawashusha mmoja mmoja kwenye barabara ya kutoka Kericho kwenda Litein na Sotik. Majani chai yamekuja mpaka ukingoni, hakuna taa ya barabarani, na ukungu umekaa bondeni. Ukisimama kando, upande wa kushoto kuna kokoto, halafu mtaro. Mitaro ya kwetu ni mirefu kwa sababu mvua ya kwetu ni nyingi. Kogo anashuka upande ule wa mtaro, na fimbo yake, na mfuko wake. Mjukuu wake, mwenye haraka, anafungua mlango wa kulia, upande wa lami. Hapo kuna hatari mbili kwa wakati mmoja. Kogo anahitaji kuona mahali pa kukanyaga. Mjukuu anahitaji kuonekana na boda boda anayekuja nyuma.

Kila mmoja anahitaji taa yake. Kogo anahitaji nyeupe inayoangalia chini. Mjukuu anahitaji nyekundu inayoangalia nyuma, pale kwenye ukingo wa mlango. Balbu mbili ndogo tu, wapendwa.

Sisi watu wa barabara hii hatuhitaji kufundishwa gharama ya kusimama kando ya lami. Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani Junction, lori lilivamia magari na wafanyabiashara waliokuwa kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 walipoteza maisha. Sisemi balbu ingezuia lile. Haingezuia. Lakini tangu siku ile, mtu akishuka kutoka gari langu, namsindikiza kwa macho mpaka avuke mtaro. Na siwezi kumsindikiza kwa macho gizani.

Kuna jambo la pili. Ukiwa na gari kijijini, wewe ni ambulensi, upende usipende. Simu inaita saa nane usiku: “Pasta, uchungu umeanza.” Unakwenda. Iwe ni Kapkatet, iwe ni Litein, iwe ni Tenwek kule Bomet, unakwenda. Usiku mmoja tulimbeba dada mmoja, na mama mkwe wake akawa anatafuta kijitabu cha kliniki ndani ya mkoba ili asome namba ya kupiga. Taa ya juu ya Probox yangu ilikuwa ileile iliyokuja nayo kutoka Japani, ya njano, hafifu kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Alisoma kwa tochi ya simu, na simu ikazima kabla hajamaliza. Tulifika salama, mtoto akazaliwa salama, utukufu kwa Mungu. Lakini kesho yake nilisema: kazi hii naifanya kwa mikono yangu, na naifanya wiki hii.

Niliifanya Jumamosi, kwenye uwanja wa kanisa, na kijana mmoja wa kwaya akinishikia bisibisi. Nataka nikupe hatua zote, kwa sababu najua wengi wenu mnaweza. Hii ni kazi nzuri ya kuanzia kwa mtu ambaye hajawahi kushika waya wa gari. Umeme wa gari ni volti 12, hautakurusha. Cha kuogopa ni moto. Betri ya gari ikigusanishwa vibaya humwaga umeme mwingi kwa ghafla hata waya ukawaka. Kwa hiyo tufanye kwa utaratibu.

Kabla hujanunua chochote, toa kioo cha plastiki cha taa ya juu. Kwa kawaida kinatoka kwa kubanduliwa polepole pembeni. Tumia kadi ya benki iliyokwisha muda, au bisibisi bapa uliyoifunga kitambaa. Kisha kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukikaushe. Miaka kumi na mitano ya vumbi la barabara za chai huwa imekaa pale ndani, na wadudu waliokufa juu yake. Wengine wenu mtakuta hamkuhitaji balbu mpya kabisa. Taa ilikuwa inawaka wakati wote, uchafu ndio ulioifunika. Hapo sihitaji kuhubiri, umeelewa.

Sasa balbu. Ya juu mara nyingi ni ile ndefu kama kidonge, yenye kofia ya chuma pande zote mbili. Ipime kwa rula kabla ya kwenda dukani. Za kawaida ni milimita 31, 36 au 41, na ukinunua isiyolingana haitashika. Ya mlangoni mara nyingi ni ndogo, haina kichwa cha chuma, inakitwa tu kwenye soketi. Hiyo dukani inaitwa T10. Zote mbili zinapatikana za LED kwa shilingi mia chache.

Kwa nini LED? Wengi hudhani ni kwa sababu ya mwanga tu. Mimi nakuambia ni kwa sababu ya betri. Chukua gari lenye taa moja ya juu ya wati 8 na taa nne za milango za wati 5 kila moja. Jumla ni wati 28. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 2.3. Sasa mtoto hakufunga mlango vizuri Jumamosi saa mbili usiku, na wewe unaamka Jumapili saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi zimepita, na ampea-saa 23 zimekwenda. Betri ndogo ya NS40 ina takriban 35 ikiwa mpya. Kwenye baridi ya Kericho, karibu mita 2,000 juu ya bahari, injini ni nzito kuamka na betri nayo imelegea. Haitawaka. Lakini hizo taa tano zikiwa za LED, za wati moja hivi kila moja, usiku mzima zimekula takriban ampea-saa 4 tu. Gari linaamka, watu wanafika ibadani, na mama mjamzito anafika hospitali. Wale wanawali watano walionyimwa kuingia hawakukosa taa, wapendwa. Taa walikuwa nazo. Mafuta ndiyo yaliyowaishia.

Na hii LED nyeupe unayoinunua kama peremende ilichukua kizazi kizima kupatikana. Nyekundu ilitengenezwa mwaka 1962. Buluu yenye nguvu ilikataa kwa karibu miaka thelathini, na bila buluu huwezi kupata nyeupe, kwa maana nyeupe tunayoijua ni taa ya buluu iliyopakwa rangi ya manjano juu yake. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wote wazaliwa wa Japani, waliifuatilia mpaka ikawaka mapema miaka ya 1990. Mwaka 2014 walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa ajili yake. Kwa hiyo ukiishika mkononi, ishike kwa heshima.

Tuanze kazi. Zima gari. Chukua spana namba 10, fungua kwanza kichwa cha betri chenye alama ya kutoa. Ukimaliza kazi, hicho ndicho utakachokirudisha mwisho. Toa balbu ya juu, kita ile ya LED. Ukirudisha betri na taa haikuwaka, usiitupe. Balbu ya zamani huwaka hata ukiigeuza vipi, lakini LED inakubali umeme upande mmoja tu. Itoe, igeuze, irudishe. Mara nyingi itawaka. Haikuwa imekufa, iliingia kinyume. Kuna vijana katika nyumba zetu tumewaita wafu, na kumbe walihitaji mtu wa kuwageuza kwa upole.

Kwa taa ya juu, kazi imekwisha. Ikiwa gari lako lilikuja na taa za milango, fanya vivyo hivyo. Probox yangu haikuja nazo, kwa hiyo ilibidi niziweke. Nifuate hapa taratibu.

Kwanza elewa umeme unavyokwenda. Kwenye magari mengi ya zamani kidogo kutoka Japani, umeme wa kujumlisha uko kwenye taa ya juu wakati wote. Kinachokosekana ni upande wa kutoa. Angalia kwenye nguzo ya mlango, utaona kidude chenye kofia ya mpira. Mlango ukifungwa, kinabonyezwa. Ukifunguliwa, kinatoka, kinaunganisha upande wa kutoa na bodi ya gari, na taa inawaka. Kwa hiyo taa yako mpya ya mlango inahitaji nyaya mbili tu: mmoja wa kujumlisha kutoka njia ileile ya taa ya juu, baada ya fyuzi yake, na mmoja wa kutoa kutoka kile kidude cha mlango huo. Magari mapya zaidi hufanya kazi hii kwa kompyuta. Kama lako ni hilo, badilisha balbu tu, na nyaya mwachie fundi wa umeme wa magari.

Paneli ya mlango ina skrubu zilizojificha. Moja huwa ndani ya kikombe cha mshikio, nyingine nyuma ya kitasa cha kufungulia. Toa hizo, halafu vuta paneli kuanzia chini, klipu moja baada ya nyingine. Nyuma yake utakuta karatasi ya nailoni imegandishwa kwenye chuma. Usiichane! Mvua inapopiga kioo, maji hushuka ndani ya mlango na kutokea matundu ya chini. Nailoni ile ndiyo inayoyazuia yasiingie ndani ya gari. Mtu akiitupa hapa kwetu, ambapo mvua ni karibu kila alasiri, baada ya mwezi mmoja zulia linanuka.

Teremsha kioo cha dirisha kabla ya kutoboa paneli, uone kinafika wapi, ili taa isije ikakigonga. Toboa plastiki, usiguse chuma. Ile nyeupe niliiweka chini kabisa ya paneli, ikiangalia ardhi. Ile nyekundu niliiweka kwenye ukingo wa nyuma wa mlango, mahali ambapo mlango ukifungwa inafichika, na ukifunguliwa inamwangalia anayekuja.

Sasa waya. Kati ya mlango na nguzo kuna bomba la mpira ambalo nyaya hupitia. Pitisha wako humo humo, usiupitishe nje. Funga ncha yake kwenye waya wa hanga, paka maji ya sabuni, sukuma polepole. Na sikia hili: usitumie waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu. Mlango hufunguliwa mara elfu na elfu, na waya ule utakatika ndani ya mpira mahali usipopaona. Tumia waya wa gari wenye nyuzi nyingi laini, na uache ulegee kidogo. Mahali pa kuungia, unga kwa risasi na ufunike vizuri. Tepu ya stima peke yake huachia ikipata unyevu. Na kwenye ule wa kujumlisha weka fyuzi ndogo ya ampea 2. Fyuzi ndiyo mlinzi. Kukitokea kosa, yeye hukatika ili gari lisiungue.

Mwisho, usipitishe waya juu ya nguzo zenye maandishi SRS. Huko ndani kuna mifuko ya hewa ya kuokoa maisha, na haitaki kizuizi wala mkono wa kubahatisha.

Kuna vijana watanikasirikia hapa, lakini nitasema. Usijaze gari taa za buluu na zambarau mpaka lifanane na disko. Jicho likishapigwa na mwanga mkali, huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kikamilifu tena. Ukimwasha dereva uso namna hiyo kisha umwambie aendeshe kwenye ukungu, umemfunga kitambaa machoni. Chagua nyeupe yenye umanjano kidogo, ile ya takriban 4000K. Iweke chini, miguuni, na uifiche ili uone mwanga usione balbu. Taa nzuri ya ndani haijioneshi yenyewe, inaonesha njia.

Ukimaliza, fanya majaribio mawili usiku. La kwanza: funga milango yote, kaa ndani dakika moja. LED nyingine hubaki zikimeremeta kidogo, kwa sababu umeme mdogo unaopenya, ambao balbu ya zamani isingeuonesha, LED inauonesha. Kama iko hivyo kwako, rudi dukani uombe ile yenye rezista ndani.

La pili: mahali salama, uwanjani na sio barabarani, fungua mlango wa kulia, tembea nyuma hatua hamsini, geuka. Je, unauona ukingo wa mlango?

Majuma machache baadaye nilikuwa namshusha mtu karibu na Kapkatet, mvua imetoka kuacha, ukungu mzito. Mlango wa nyuma ulikuwa umefunguka upande wa lami kabla sijasema neno. Boda boda alitokea nyuma, akapunguza, akazunguka kwa mbali, akasimama mbele yetu. Nilidhani amekasirika. Akasema, “Mzee, gari sikuliona. Niliona kitu chekundu tu.” Akawasha pikipiki, akaenda zake. Nilibaki nimeshika mlango. Sikuwa na la kusema isipokuwa asante, Bwana.

Najua wengi mnaosoma hamna gari. Mnatembea alfajiri kwenda shambani na kikapu mgongoni. Neno hili ni lenu pia. Kipande cha stika ya kuakisi mwanga kwenye kikapu, au kwenye mgongo wa koti, hakina waya, hakina betri, na kinafanya kazi ileile. Mwenye gari asiyeweza kufungua paneli, bandika stika nyekundu kwenye ukingo wa kila mlango. Leo hii, kabla ya giza.

Na ninyi madereva wa Probox na matatu mnaobeba watu wetu kila siku, Bomet, Silibwet, Sotik, Litein: abiria hawezi kukuomba taa ya mlango. Hajui hata kama inapaswa kuwepo. Atashuka gizani na kukuambia kongoi, na atapapasa mtaro kwa mguu. Mpe taa kabla hajaomba. Hakuna atakayekusifu kwa hilo, na hakuna atakayelipiga picha. Kogo atafika tu nyumbani, na utakuwa umemtumikia.

Kama ukikwama kwenye waya wowote, njoo Jumamosi uwanjani baada ya maombi ya asubuhi. Njoo na balbu yako na spana namba 10. Yule kijana wa kwaya sasa anajua kazi kuniliko, atakushikia mkono. Walio na gari, andikeni hapa chini ni milango mingapi ya gari lako inawaka taa usiku wa leo. Wasio na gari, mtumieni dereva wenu ujumbe huu.

Mungu awalinde barabarani, mnapotoka na mnapoingia. Mbarikiwe sana.

Pasta wenu